Mapishi Yasiyotaka Soketi

Nina imani moja ya jikoni na sijapata wa kunitoa humo: pishi zuri ni lile linalovumilia upungufu. Mchicha umekosa nazi? Weka karanga. Karanga zimeisha? Kaangia kitunguu na nyanya. Nyanya zimepanda bei mpaka zinauzwa moja moja? Basi kitunguu peke yake na chumvi, na watu watakula, watashiba, watalala. Wageni wamebisha hodi saa moja usiku, wale wasemao "tulikuwa tunapita tu" huku wakivua viatu? Maharage yataongezwa maji, ugali utaongezwa unga, na mtoto atakimbia kwa Mangi kuleta mafuta ya kupima. Pishi la namna hiyo halina kinyongo. Limezaliwa kwenye shida na njia zake linazijua.

Lipo na lile la kwenye simu. Hilo lina viungo 19, saba kati ya hivyo hajawahi kuviona muuzaji yeyote wa soko letu, lina mashine tatu, na lina mpishi mwenye kucha safi anayesema kila hatua ni rahisi mno. Ukikosa kitu kimoja, pishi zima linagoma. Halikubali mbadala, halikubali haraka, na mgeni wa ziada kwake ni msiba, maana chakula kimeshahesabiwa kwa vipande.

Mume wangu yuko upande wa hilo la pili.

Baba Watoto si mtu mbaya. Hanywi, hachelewi kurudi, mshahara wake nauona. Tatizo lake anapenda kupika. Nikilisema hili kwenye kikoba, wanawake wenzangu wananitazama kwa jicho la "huyu naye anaringa". Mmoja aliniomba nimwazime kwa mwezi. Hawajui. Baba Watoto haingii jikoni kwa sababu ana njaa. Anaingia kuanzisha mradi, na mradi, ajuavyo mwananchi yeyote, huanza na manunuzi.

Kwa hiyo juu ya kabati letu wamelala: blenda mbili, moja ina jagi na nyingine inasubiri jagi, mashine ya kukatia vitunguu, ambayo kuiosha kunachukua muda kuliko kukata vitunguu vya shughuli nzima, mizani, kipimajoto cha kuchomeka ndani ya nyama, na sufuria la umeme la kupikia wali, ambalo watoto waligundua kwamba waya wake unaingia kwenye kompyuta, na tangu ugunduzi huo wali tunapikia gesi.

Ile blenda inayosubiri jagi iliuawa na kisamvu. Nazi inakubali blenda, sitasema uongo: unaikata vipande, unatia maji ya uvuguvugu, unasaga, unachuja, na tui linapatikana. Kisamvu ni mambo mengine. Vijiti vyake vilijizungusha kwenye kisu, mota ikanguruma, jagi likapata ufa kutoka kitako hadi mdomo, na ukuta wetu mpaka leo una doa la kijani ambalo mwenye nyumba ameshaliuliza mara kadhaa. Na haraka yenyewe ilikuwa ya nini? Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi, hivyo lazima yatwangwe vizuri na yachemke muda mrefu ndipo yaliwe. Ukiokoa dakika kumi kwenye kusaga, bado una saa nzima ya kusubiri sufuria. Kinu hakina mota ya kuungua, na sokoni siku hizi wanakuuzia kisamvu kilichokwisha kutwangwa, unapeleka bakuli lako tu.

Malkia wa kabati ni eafraya. Kwa asiyeijua, ni oveni ndogo yenye feni: koili ya moto iko juu, feni inauzungusha ule moto kwenye chakula, na wewe unaambiwa umekaanga bila mafuta. Kampuni ya Philips iliiingiza sokoni mwaka 2010, na sasa ukipita Kariakoo kwenye maduka ya vyombo unakuta maboksi yake yamepangwa mpaka darini, kwa majina ambayo hata muuzaji hayatamki sawasawa. Bibi yangu naye alikuwa na chombo cha kupeleka moto juu ya chakula. Kilikuwa mfuniko wa bati na makaa. Wali ukishakauka maji alipunguza moto wa chini, akapalia makaa juu ya mfuniko, akaenda zake kusuka mkeka. Keki za sikukuu zilipita njia hiyohiyo, zikiwa ndani ya sufuria kubwa lililotandikwa mchanga. Feni ilikuwepo pia. Ilikuwa mjukuu na kipepeo chake.

Ijumaa ya uzinduzi wa eafraya menyu ilikuwa chipsi. Sisi ni watu sita, na kile kikapu kinatosha chipsi za mtu mmoja na nusu. Ukijaza zaidi hewa haipiti, viazi vinatokota kwa jasho lao wenyewe. Basi tukala kwa awamu. Kijana wetu mkubwa alipata sahani ya kwanza, na awamu ya katikati ilipotoka alikuwa ameshasikia njaa upya, akarudi kupanga foleni nyuma ya mdogo wake. Hapo ndipo Luku ikaanza kulia. Baba Watoto akakamata simu anunue umeme. Simu ikakataa alama ya kidole, kwa sababu kidole kilikuwa na mafuta. Nikamuuliza mafuta yametoka wapi, wakati mashine haitumii mafuta. Hakunijibu. Alipomaliza kujifuta kwa gauni langu la ndani ya nyumba, zile tarakimu 20 za tokeni zikaja, taa zikazima kabla hajafika ya tano, simu nayo ikawa na asilimia mbili za chaji.

Pale kona kuna kijana wa chipsi. Ana karai moja, jiko moja na meza yenye mguu mfupi. Wakati sisi tunapapasa gizani, alikuwa anahudumia watu wanane kwa mkupuo na kuwarudishia chenji. Tulikula chipsi mayai zake, na Baba Watoto akasema zina mafuta mengi. Alimaliza sahani.

Nisimsingizie umeme lakini. Mashine ya wati 1,500 ikiwaka dakika 20 inakula nusu uniti, jambo ambalo halifukarishi mtu. Shida ni kwamba kwa familia ya watu sita huiwashi dakika 20. Unaiwasha kuanzia Magharibi mpaka Isha inapita. Mwenye mita ya bei nafuu, ile ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, anaelewa kwa nini nilikuwa nasimama mlangoni nikisoma namba za mita huku wenzangu wanasifia chipsi.

Halafu kuna ile ya Houston. Wifi yangu anaishi huko, ana moyo mkubwa, na siku moja alipakia kwenye mzigo mashine ya kuoka mkate. Unatia unga, maji, hamira, unafunga mfuniko, na yenyewe inakanda, inaumua, inaoka. Umeme wa majumbani Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230, na mashine haikuulizwa. Ilikanda kwa ari ambayo sijawahi kuiona kwa mpishi yeyote, ikaruka mezani kidogo, ikatoa moshi, ikanyamaza. Fundi alikuja, akaifungua, akatikisa kichwa kwa ile huzuni yao ya kulipwa, akasema kuna njia: tununue transfoma ya kushusha umeme, kisha tumtafute aliye na spea. Transfoma yenyewe ni nzito kuliko mashine, na bei yake ingetununulia boflo mpaka Ramadhani nyingine. Asubuhi ile tulikunywa chai kwa chapati. Kifimbo kilikuwa hakionekani, nikasukumia chupa ya soda, zikatoka duara. Karibu duara.

Ila yote hayo yalikuwa mazoezi. Mechi yenyewe ilichezwa alipokuja mama mkwe.

Mama anatoka Pangani, na hajawahi kuja mikono mitupu. Safari hii alileta nazi kwenye kiroba na jogoo wa kienyeji ndani ya kikapu, jogoo mwenye macho ya aliyewahi kuwa kiongozi mahali. Baba Watoto alipomwona akafurahi mno. "Mama, leo wewe kaa. Mimi ndiye mpishi." Mama akanitazama. Nikatazama dirishani.

Pishi la siku hiyo lilikuwa kuku mzima wa oveni. Lilitaka kuku alale kwenye mtindi usiku kucha, kisha apakwe siagi iliyochanganywa na majani makavu ambayo jina lake muuzaji wa supamaketi alilisoma kwa kusitasita. Kichupa cha majani hayo, chepesi kiasi kwamba nilikitikisa kuhakikisha kina kitu ndani, kilitugharimu kuliko kilo mbili za maharage. Kuku wa kwenye video alikuwa wa kisasa, amelishwa wiki chache, nyama laini. Huyu wa kwetu alikuwa amekimbia mbio zake zote za maisha mchangani. Jogoo wa kienyeji lazima achemshwe, tena sana. Ukimpeleka oveni moja kwa moja anakaza zaidi. Nilitaja hilo. Niliambiwa mtindi utamlainisha.

Video ilisema nyuzi 375. Oveni yetu inaishia 250. Baba Watoto akazungusha kitufe mpaka mwisho, akasema zilizobaki tutazifidia kwa muda. Baada ya dakika 40 binti yetu wa kidato cha pili alipita kuchukua maji, akachungulia simu, akauliza kama baba ameona ile herufi F. Nyuzi 375 za Farenhaiti ni kama 190 za kwetu. Tukafungua mlango wa oveni. Kuku alikuwa mweusi nje, na ndani alikuwa bado anafikiria. Baba Watoto akakumbuka kipimajoto cha nyama. Kilikuwa kimekwisha betri. Akakumbuka betri za rimoti; rimoti ilikuwa chini ya mgeni wetu, kwenye kochi. Wakati tunamwomba Mama ainuke kidogo, umeme ukakatika mtaa mzima.

Mama mkwe hakucheka. Nadhani hiyo ndiyo sababu nampenda. Aliinuka, akajifunga kanga ya pili kiunoni, akaja mpaka mlangoni mwa jikoni, akasema, "Mwanangu, hebu nipishe hapo. Mkwe wangu, mbuzi unayo?"

Mbuzi ninayo. Imekaa chini ya kabati miaka yote hiyo, chini ya mashine zote, haijawahi kuomba betri. Nikaketi nikakuna nazi, yeye akavua ile ngozi iliyoungua (tulimpa paka; aliinusa, akaondoka), akamkatakata jogoo vipande, akamtia sufuriani na tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na chumvi. Akamwachia moto, muda mrefu, bila kumsumbua. Kule nyuma binti yangu alikuwa anakamua tui kwenye kifumbu: la kwanza zito likawekwa kando, la pili jepesi likaingia sufuriani kumalizia kuivisha nyama. Tui zito huingia mwisho. Hapo ndipo Mama hakumruhusu mtu mwingine kushika upawa, kwa sababu tui ni mafuta na maji yaliyokubaliana kukaa pamoja, na moto mkali ukiyashtukiza yanaachana. Alichota na kumimina, alichota na kumimina, mpaka mchuzi ulipotulia.

Katikati ya shughuli hiyo mtungi wa gesi ukaisha. Ule wa kilo 6, ambao huwa hautoi taarifa. Kwa kuku wa oveni hilo lingekuwa tangazo la pili la msiba. Hapa tuliwasha jiko la mkaa barazani, tukahamisha sufuria, na mchuzi haukuonyesha dalili yoyote ya kujua umehamishwa. Harufu ikavuka ukuta. Jirani akaja kuuliza kama na sisi umeme umekatika, swali ambalo mtu aliyesimama gizani hahitaji kuuliza, tena akaja na watoto wake. Mama akaongeza viazi vinne na kikombe cha maji ya moto. Jogoo mmoja, aliyeungua nusu, alilisha watu 11, na wali ulibaki wa kiporo.

Usiku Baba Watoto alikaa kitandani akisema tatizo lilikuwa vifaa. Tungekuwa na oveni yenye vipimo vyote viwili, na kipimajoto kinachoongea na simu. Nikaona bora nimsimulie habari ya Juicero. Hao walikuwa watu wa California, wakakusanya zaidi ya dola milioni 100 za wawekezaji, wakatengeneza mashine ya kukamulia juisi iliyounganishwa na intaneti. Ilianza kuuzwa mwaka 2016 kwa dola 699. Hukuruhusiwa kuweka embe lako. Ulinunua kwao pakiti za matunda na mboga zilizokwisha kukatwa, mashine inasoma alama ya pakiti, inaibana, juisi inatoka. Mwaka 2017 waandishi wa Bloomberg wakachukua pakiti ileile wakaiminya kwa mikono. Juisi ikatoka karibu sawa, kwa muda uleule. Miezi michache baadaye, Septemba, kampuni ikafunga. Mamilioni ya dola, nikamwambia, wameshindwa na viganja, na sisi ukwaju tunauminya kwa mikono tangu tuzaliwe.

Alisikiliza mpaka mwisho, akawaza, akauliza, "Sasa hivi zinauzwa bei gani?"

Nisije nikaonekana mwanamke anayepigania moshi. Mkaa si rafiki yangu. Unachoma macho, unamaliza miti, na Serikali yenyewe ilizindua mkakati mwaka 2024 unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Sina ugomvi na hilo. Hata kwenye kabati lile kuna mashine moja ninayoitetea kwa moyo wote, sufuria la presha la umeme. Maharage yaliyolowekwa usiku yanaiva humo bila kumaliza hata uniti moja, na fungu la mkaa la kufanya kazi hiyo lingenigharimu zaidi. Wala si uvumbuzi wa kuringia: Mfaransa Denis Papin aliwaonyesha wataalamu wa London sufuria la presha mwaka 1679, likilainisha mifupa. Kinachonipendeza ni kwamba halina masharti. Unatia maharage, maji, unafunga. Umeme ukikatika unayamimina kwenye sufuria la kawaida unahamia gesi, gesi ikiisha unahamishia barazani. Baba Watoto halipendi sana. Anasema halina kioo cha kuangalia ndani.

Hata hivyo yule jogoo alimgusa. Wiki iliyofuata, Mama akiwa amesharudi Pangani, mume wangu alitangaza kwamba anataka kujifunza mapishi ya nyumbani, yale yasiyo na gharama, na ataanza na maharage ya nazi. Nilifurahi. Kisha nikamwona anaiteremsha mizani, anaifuta vumbi, anafungua daftari jipya na kupiga mstari wa pembeni kwa rula. Akampigia mama yake, akaweka simu kwenye spika.

"Mama, shikamoo. Maharage gramu ngapi?"

"Marahaba. Mko wangapi?"

"Sita."

"Ya kuwatosha."

Akaandika. "Maji lita ngapi?"

"Yafunike."

"Yafunike kwa sentimita ngapi, Mama?"

"Yafunike maharage, mwanangu. Usifunike meza."

Akaandika hilo nalo. "Chumvi?"

"Mpaka ikolee."

"Kijiko cha chai au cha chakula?"

Kule Pangani kuku waliwika, mtu akapita akasalimia, Mama akaitikia salamu kwa urefu na kuulizia hali ya mgonjwa wao. Kisha akarudi kwenye simu.

"Mkeo yupo karibu? Hebu mpe."